Hopsi ya Mferejini

Verna Beaudry alikuwa na miaka sabini na moja siku alipoonja bia kwa mara ya pili maishani mwake. Mara ya kwanza ilikuwa siku ya harusi yake, katika ukumbi wa kanisa la Moxee. Baba mkwe alimjazia glasi, naye kwa adabu akapiga mafunda mawili, akaona ni kama maji yaliyosuuziwa sufuria ya uji, akaiweka glasi mezani na kurudi kwenye keki. Tangu hapo hakuna aliyemwona na bia mkononi. Hakuwa mtu wa kuwahubiria wengine. Mumewe Emile alikunywa mbili kila Jumamosi, na Verna ndiye aliyekwenda kumtolea kwenye friji. Aliona tu kwamba kinywaji kile hakina neno la kumwambia.

Kwa mtu mwingine hilo lingepita. Kwa Verna lilikuwa mzaha wa mji mzima, maana hakuna mwanamke pale aliyezijua hopsi kumshinda. Hopsi ni yale maua ya kijani, marefu kama kidole gumba na mepesi kama karatasi, ambayo wapika bia huyatia kwenye chungu ili kinywaji kipate uchungu na harufu, na bonde la Yakima, ulipo mji huo, halina kilimo kinachojulikana kuliko hicho. Baba yake alikuwa mfunga nyaya za kutambazia hopsi mashambani. Mama yake alijifungua mtoto wa tatu wiki ya mavuno, na wiki iliyofuata akarudi kazini na kichanga mgongoni. Verna mwenyewe alianza kufunga kamba za kupandia mimea akiwa bado anavaa sare ya shule ya masista. Alipoolewa akaajiriwa na Roland Lacasse, kijana aliyekuwa ndiyo kwanza amerithi shamba la baba yake, kuchambua majani kwenye mkanda wa mashine.

Hapo mkandani, mwaka wa tano wa kazi hiyo, ndipo alipokutana na Chela Ochoa, aliyekuja kutoka Michoacán, kusini mwa mpaka, na mimba ya kwanza na maneno mawili tu ya Kiingereza. Nyumbani kwa kina Verna walisema Kifaransa cha mababu zao wa Kanada, kwa hiyo alijua mtu anavyochekwa kwa ajili ya ulimi wake. Wawili hao walielewana kwa mikono kabla ya maneno, na maneno yalipokuja hayakukoma tena.

Mwaka 1971 mkaushaji wa shamba aliteleza ngazini akavunjika nyonga, katikati ya mavuno. Hopsi zikishavunwa hazingoji. Zikilala siku moja bila kukaushwa hujichemsha zenyewe na kuoza. Roland alikuwa akizunguka uani ameshika kichwa, Verna akamfuata akamwambia kuwa yeye anajua kukausha. Roland akamwuliza kajifunzia wapi. Verna akamjibu kwamba kwa miaka minane amekuwa akipita mlangoni pa tanuri kila aendapo msalani, na pua hailipi kiingilio.

Tanuri lilikuwa jumba la mbao la ghorofa mbili. Maua yalitandazwa juu, kina cha kiuno, na hewa ya moto ikapanda kutoka chini kwa muda wa saa tisa hivi. Ukiyatoa mapema yanaoza ndani ya marobota. Ukiyachelewesha yanavunjika kama majani makavu na harufu yake inapotelea darini. Mkaushaji aliyemtangulia alikuwa akivunja kikonyo cha ua na kusikiliza mlio. Verna alinusa. Kuna wakati, alieleza, ambapo harufu huacha kuwa ya majani ikawa ya ua lenyewe, na ukipita hapo kwa robo saa tu, umeshachelewa. Marobota ya mwaka huo yalisifiwa kuliko ya miaka kumi nyuma. Roland hakutafuta mtu mwingine. Verna alilitunza lile tanuri kwa mavuno thelathini na saba.

Lakini kuhusu harufu yenyewe hakuna aliyemwuliza. Siku zile wanunuzi walitaka uchungu peke yake, tena waliupima kwa mashine na kuuandika kwa tarakimu. Bia iliyonywewa nchi nzima ilikuwa nyeupe na nyepesi, na hopsi zilipitishwa juu yake kama kivuli. Verna alikuwa sawa na mtu aliyekausha karafuu maisha yake yote kwa ajili ya watu wanaopika wali mkavu.

Sasa, hopsi hazipandwi kwa mbegu. Hupandwa kwa vipande vya mizizi, kama muhogo upandwavyo kwa vipingili, ili kila mmea uwe pacha wa mwenziwe. Mbegu ikidondoka na kuota yenyewe, huyo ni mtoto asiyejulikana atafanana na nani, na desturi ya shamba ni kumng'oa. Mwanzoni mwa Septemba 1988, wakati wa mapumziko ya mchana, Verna alitoka tanurini na mkate wake akaketi ukingoni mwa mfereji wa maji nyuma ya jengo. Mmea mmoja wa hopsi ulikuwa umejiotea pale na kujisokota juu ya nguzo ya uzio. Alichuma ua moja kwa mazoea, akalipasua, akalisugua viganjani hadi ule unga wake wa manjano ukashika ngozi, akaipeleka mikono puani.

Aliacha kutafuna. Kwanza lilimjia ganda la balungi, kama vile mtu analimenya pale pale. Nyuma yake pichi lililoiva hadi kupasuka. Chini kabisa palikuwa na utomvu wa msonobari, na kitu kingine chenye ukali, mfano wa kitunguu kibichi kinachokatwa chumba cha pili. Alikuwa amenusa hopsi zisizo na idadi, na hakujua kwamba zinaweza kufanya hivyo. Alichuma jingine, na jingine. King'ora cha kurudi kazini kilipolia, mkate ulikuwa umeshaingiwa na sisimizi.

Alimpelekea Roland kofia iliyojaa. Roland hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa tarakimu. Alinusa, akakunja uso, akasema kitunguu. Hata hivyo, kwa kuwa Verna hakuwahi kumwomba lolote, aliwatumia wanunuzi mfuko mmoja. Barua ilirudi wiki ya tatu: uchungu wa kiasi, harufu kali isiyofaa, hakuna mpika bia atakayeitaka. Roland alimsomea barua hiyo mlangoni pa tanuri, kwa upole, akamwambia aung'oe mmea ule kabla haujaingiza mizizi yake shambani.

Verna akaung'oa. Alikwenda na sepetu mwenyewe, akachimba taratibu, akazungusha gunia lililoloweshwa kwenye mizizi, akaipakia nyuma ya gari, akaenda nayo kwake.

Emile alikuwa fundi wa pampu, mtu wa maneno machache na utani mwingi. Aliposikia mkewe anataka nguzo ya mita tano nyuma ya nyumba hakuuliza ya nini. Majirani ndio waliouliza, kama ana mpango wa kupandisha bendera.

"Kuna mchumba wa mke wangu," aliwaambia. "Kaniomba nimjengee."

Kila majira ya baridi mmea ulikufa hadi ardhini na theluji ikaufunika, na kila Aprili ukachomoza tena. Mizizi ilitambaa kando ya uzio, shina moja likawa mawili, mawili yakawa saba. Kila Septemba Verna alichuma, akasugua, akanusa, na basi. Hakuwa na la kufanya nayo zaidi ya hilo. Miezi ya mwisho ya Emile, mapafu yalipomnyima usingizi, alimshonea mto akaujaza maua yale, na Emile akasema analala kama mlevi aliyeanguka kwenye bustani ya matunda. Alifariki Machi ya mwaka 2006. Miaka miwili baadaye Verna akastaafu. Roland naye akamwachia shamba mwanawe Denis, na tanuri likafungiwa mitambo inayojiendesha. Watoto wa Verna walikuwa mbali, mmoja Spokane na mwingine Boise, wakipiga simu kila Jumapili.

Katika miaka yote hiyo hakuuonyesha mmea wake kwa mtu yeyote wa biashara. Angewaambia nini? Kwamba ana ua linalonukia?

Huku nyuma, bia ilikuwa imebadilika bila yeye kujua. Viwanda vidogo vilikuwa vimechipuka kila mji, vya watu wawili watatu na matangi machache, vijana waliochoshwa na ile bia nyeupe. Hawa walitia hopsi kwa ndoo. Walishindana nani atatoa bia kali zaidi, chungu zaidi, yenye kunukia zaidi, na wakulima waliokuwa wakitafuta uchungu sasa wakaanza kung'oa mashamba mazima ili wapande aina mpya zenye harufu. Verna aliyasikia haya kama mtu anavyosikia habari za mvua ya nchi nyingine.

Mmoja wa wapika bia hao alikuwa Rosalba, kitinda mimba wa Chela, mwanamke wa miaka thelathini na sita, mwenye mabega ya mbeba magunia na sauti ya taratibu. Kiwanda chake kilikuwa ndani ya ghala la zamani la kupakia matufaha. Mwishoni mwa Agosti 2014 alitumwa na mama yake ampelekee Verna sufuria ya tamale, unga wa mahindi uliopikwa ndani ya maganda yake. Kengele ya mlango wa mbele ilikuwa mbovu, kwa hiyo akapitia nyuma. Verna, aliyekuwa jikoni, alisikia geti likifunguliwa, kisha asisikie kitu. Alipochungulia dirishani alimwona Rosalba amesimama kwenye uzio, sufuria kwapani, kiganja kimefunika pua na mdomo.

"Bi Verna," Rosalba alisema bila kugeuka, "hii ni nini?"

"Mmea."

"Naona ni mmea. Nauliza aina gani."

"Hauna jina. Weka hiyo sufuria chini kabla haijakuponyoka."

Walikaa kwenye ngazi za jikoni, Verna akamsimulia yote, mfereji, barua, nguzo ya Emile. Rosalba alikuwa akisugua ua baada ya ua hadi viganja vyake vikawa vya manjano. Mwisho aliomba maua yote ya mwaka ule. Verna akamwambia ayachukue, kwani huwa yanaishia kwenye lundo la mbolea. Rosalba alisimama kama mwenye kuanza kuchuma saa ile ile, kisha akajizuia.

"Yako tayari lini?" aliuliza. "Wewe ndiye mkaushaji. Nipe siku."

Kwa miaka sita hakuna aliyekuwa amemwuliza Verna swali hilo. Alikwenda kwenye uzio, akabonyeza ua moja, akalisikiliza kwa vidole, akanusa.

"Siku kumi na mbili," alisema. "Ikinyesha, kumi na nne."

Haikunyesha. Siku ya kumi na mbili, alfajiri, Verna, Chela na Rosalba walitandika mashuka ya zamani kwenye nyasi, wakakata yale mashina ya hopsi nguzoni wakayachambua kwa mikono, ua moja moja, kama ilivyofanywa kabla ya mashine. Kilo zilitimia kumi na nane. Verna akauliza tanuri la kuzikaushia liko wapi. Rosalba akaeleza kwamba hakuna tanuri. Zinakwenda chunguni mbichi, na umande wake, kabla ya saa nne asubuhi.

"Bila kukaushwa?" Verna alishangaa. "Unapika bia au mchicha?"

"Miaka thelathini na saba unawasha moto bure, shoga," Chela alisema. "Na mimi nilikuwa nakuonea huruma kwa joto."

Verna hakucheka. Alilitazama gari la Rosalba likiondoka na magunia, na jambo lile likamkaa rohoni kama kosa linalofanywa mbele yake naye hana mamlaka tena ya kulizuia. Mikono yake ilinuka hadi Ijumaa.

Wiki nne zilipita. Jumamosi moja ya Oktoba, saa tisa alasiri, Chela alisimamisha gari mlangoni na kumwambia avae koti. Verna alikwishajua wanakokwenda, akamkumbusha kwamba yeye hanywi.

"Nani kakwambia ukanywe?" Chela alisema. "Twende ukamwone mchumba wako amevaa nini."

Kiwandani palikuwa na baridi na harufu ya kimea cha shayiri kilichopikwa. Verna aliingia akakuta watu wengine wawili pale kaunta, akajuta kuja. Mmoja alikuwa Roland Lacasse, mzee wa miaka themanini sasa, ameegemea fimbo, na kando yake Denis. Rosalba ndiye aliyewaita. Mmea umetoka kwenye mfereji wao, alieleza, na hakutaka isemwe baadaye kwamba ulichukuliwa kwa siri. Roland aligusa ukingo wa kofia yake. Verna akaitikia kwa kichwa, kama alivyomwitikia bosi wake kwa miaka yote ile.

Rosalba aliinama kwenye bomba, akajaza glasi tano ndogo. Bia ilikuwa ya rangi ya dhahabu yenye ukungu kidogo, na povu lake zito lilikaa bila kushuka. Aliwaonya kuwa ni kali, asilimia nane na nusu, si ya kugugumia. Ametumia kimea chepesi ili kisiyafunike maua. Halafu akajifuta mikono kwenye aproni ingawa haikuwa na maji.

Verna aliishika glasi kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa dawa. Njia nzima alikuwa amejipangia: funda moja, aseme ni nzuri, ashukuru, arudi nyumbani akafue. Lakini glasi haikuwa imefika mdomoni harufu ilipomfikia, na mikono yake ikasimama hapo hapo.

Ni yenyewe. Angeitambua usingizini. Na bado hakuwa amewahi kukutana nayo. Miaka ishirini na sita alikuwa akiinusa viganjani mwake, na sasa ilikuwa kama mtu uliyezoea kumsikia akiguna wimbo mdomo umefumbwa, leo kaufumbua. Balungi lilikuwepo, lakini si ganda tu, lilikuwa tunda zima na mti wake. Pichi lilikuwepo. Msonobari ulisimama nyuma yao wote, mrefu na wenye baridi, kama msitu wa milimani siku ya kwanza ya theluji. Kile kitunguu alikitafuta asikione, kisha akakikuta chini kabisa, kimegeuka kitu cha joto, hakina jina, na bila yeye kuelezwa akajua kwamba ndicho kilichowashikilia wengine wasitawanyike.

Akanywa.

Utamu ulitangulia, mdogo, na ukaondoka. Kisha uchungu ukapanda kutoka pembezoni mwa ulimi, ukaja mwingi, hadi akadhani ungemshinda, ila haukuwa uchungu wa kukufukuza. Ulikusafisha mdomo kama mtu anayefagia chumba kabla mgeni hajaingia. Akameza. Joto la kilevi likashuka kifuani likatulia. Hapo akadhani kwamba imekwisha. Akapumua kwa pua, na pichi likarudi, mdomo ukiwa mtupu, glasi iko mezani, likakaa, likaendelea kukaa.

Hilo ndilo lililommaliza. Alivua miwani akaiweka kwenye kaunta. Wengine walikuwa wamekwisha kunywa, kila mmoja anatazama glasi yake kana kwamba imeandikwa ndani. Tangi moja lilikuwa likitoa mapovu kwenye ndoo ya maji, blup, kisha kimya kirefu, blup tena.

"Hii yote," Verna alisema mwishowe, taratibu sana, "ilikuwamo mle?"

"Ilikuwamo," Rosalba akajibu. "Mimi sikuongeza kitu. Nilijitahidi tu nisiiharibu."

"Na mtu mzima kaijaza kwenye mto," Chela alisema. Lakini sauti yake haikuwa na utani ndani yake, na alikuwa anafuta macho kwa mgongo wa mkono.

Verna akanywa tena, akitaka kuhakikisha haikuwa ajali. Haikuwa ajali. Safari hii aliona mengine ambayo mara ya kwanza yalimpita, kitu kama majani ya chai, kitu kama mvua juu ya vumbi la barabara ya shamba. Alifikiria chumba chake cha juu tanurini, moto, jasho, maelfu ya marobota yaliyopita mikononi mwake kwenda asikokujua, na jinsi alivyodhani kwamba kazi yake ilikuwa kukausha majani.

Roland alikuwa amegeukia matangi akawapa mgongo. Aliporudi, uso wake ulikuwa umelegea kama wa mtu aliyetoka msibani au harusini, mtu asingejua ni kupi. Alizungumza akimtazama Verna peke yake.

"Mimi ndiye niliyekwambia uung'oe."

"Ndiwe, bosi."

"Na miaka yote hiyo ulinitii kwa kila kitu. Mbona hili hukunisikia?"

"Nilikusikia. Nikaung'oa," Verna alisema. "Hukuniambia nisiupande."

Denis alicheka kwanza, halafu wote, hata Roland, aliyecheka hadi akatafuta kiti. Rosalba akajaza glasi nyingine. Kicheko kilipopungua Verna alikuwa bado ameishika glasi yake, na alikuwa hacheki tena. Kuna jambo lilikuwa limeingia kichwani mwake na alipolisema hakutumia neno bosi, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe.

"Roland," alisema. "Tuling'oa mingapi?"

Mzee hakuelewa mara moja. Alipoelewa, alianza kuhesabu. Miche iliyojiotea kumi kwa mwaka, alisema, mwaka mwingine ishirini. Na baba yake kabla yake. Na mashamba mengine yote, kutoka hapa hadi mtoni. Sauti yake ilipungua kadiri alivyoendelea, mpaka akaacha.

"Sijui, Verna," alisema. "Hatukuwahi kuinusa."

Wakirudi nyumbani Verna alimwomba Chela apitie barabara ya mashambani. Mavuno yalikuwa yamekwisha, zimebaki nguzo na nyaya, safu kwa safu hadi miguuni mwa vilima, na jua la jioni limezilalia. Alikuwa ameyaona mashamba hayo kila siku ya uhai wake. Sasa hakuangalia nguzo. Aliangalia kingo za mifereji, pale ambapo magugu huota na mbegu huanguka, na hakuwa na huzuni hata kidogo. Alikuwa na kitu kilichomfanya ashushe kioo cha gari, akaiacha baridi iingie.

Lita mia mbili zote alizopika Rosalba ziliisha kwa siku nne. Watu walikuja kutoka Seattle kuuliza ni hopsi gani ile, na yeye akawajibu kwa ukweli kwamba haina jina. Alikuwa amependekeza iitwe Verna. Verna alikataa katakata, akasema yeye hakuitengeneza wala hakuiotesha, na kwenye ubao wa chaki ikaandikwa tu Ya Mferejini. Denis alichukua vipande vya mizizi akapanda safu mbili. Mwaka uliofuata mvua ilinyesha wakati mbaya, bia ikatoka nyepesi, nzuri lakini si ile. Rosalba alikaribia kulia. Verna akamwambia kwamba hata mtu haimbi vizuri kila siku. Mwenyewe alikunywa glasi moja kila Oktoba, wala hakuzidisha, na bia nyingine zote aliendelea kuziona maji ya sufuria.

Lakini kabla ya mavuno hayo ya pili, asubuhi moja ya Agosti, saa mbili, pikapu ya Roland ilisimama nje kwa Verna na honi ikapigwa mara mbili. Denis alikuwa amekwisha kumkataza baba yake kuendesha. Roland alimfungulia Verna mlango kutokea ndani akasema apande, ana jambo la kumwonyesha kama lipo.

Walifuata mifereji ya shamba mmoja baada ya mwingine. Roland aliliendesha gari kwa mwendo wa kobe, mkono mmoja nje ya dirisha, na Verna alitembea ukingoni na kofia ya majani kichwani, akitafuta hopsi zilizojiotea. Kila alipoupata mmea wenye maua alichuma moja, akalisugua, akanusa, akampelekea Roland dirishani naye anuse. Hadi saa sita walikuwa wamepata kumi na moja. Tisa ilinuka majani matupu. Mmoja ulinuka mbwa aliyenyeshewa, na Roland alicheka mpaka kikohozi kikamshika.

Wa kumi na moja ulikuwa umejificha chini ya daraja la mbao, mdogo, na maua yasiyozidi hamsini. Verna alinusa, akanusa tena. Alikipeleka kiganja chake dirishani, na Roland akakishika kwa mikono miwili, akainamisha uso wake humo, akakaa hivyo kwa muda mrefu.

"Ni nini?" Verna aliuliza.

"Sijui," mzee alisema. "Sina neno lake."

Verna alichana ukingo wa leso yake nyekundu, akarudi chini ya daraja, akaufunga shinani ili watu wa Denis wasije wakaukata. Kisha wakauendea mfereji uliofuata.